Leseni ya Muziki wa Kuku

Ipo nchi ambayo kila anayeitaja kwa jina hutembelewa nyumbani na watu wenye mikono mizito, kwa hiyo sisi tuiite Nchi Ile, tuendelee na mambo yetu. Nchi Ile ni nchi ya amani. Amani yenyewe ni ya kweli kabisa, si ya kwenye karatasi, maana anayeivuruga huvunjwa miguu, na anayeuliza kwa nini fulani kavunjwa miguu huvunjwa ya kwake, na kwa njia hiyo wananchi wamejifunza kupendana na kunyamaza. Wageni wakishuka uwanja wa ndege husifu jinsi watu wa huko wanavyotembea polepole, bila pupa.

Huko aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Msifikirie ile michezo mikubwa ya kununua kwa pesa nyingi. Yake ilikuwa midogo, ya kuchezwa humo humo kwenye kivinjari: unafungua ukurasa, unacheza, mkuu wako wa kazi akipita unafunga ukurasa na kukunja uso kana kwamba unasoma taarifa ya bajeti. Nusu ya watumishi wa serikali walikuwa wapenzi wake wakubwa, ingawa hakuna hata mmoja aliyemjua.

Mchezo wake mpya uliitwa Kuku Avuke. Mwanzoni ulikuwa na kuku, barabara na magari. Bodi ya Ukaguzi ikautazama, ikasema hili lori linafanana na la jeshi, liondoke. Likaondoka. Ikasema hili gari jeusi ni la mheshimiwa gani, liondoke. Likaondoka. Baiskeli nayo ikaambiwa inaonyesha hali ya uchumi, na mkaguzi akampiga Sikudhani kofi moja la mfano ili aelewe uzito wa jambo. Mwisho wakabaki kuku na barabara tupu. Kuku anavuka. Anafika. Basi.

"Sasa hapo utamu uko wapi?" aliuliza mumewe.

Mumewe aliitwa Chande, mwoka mikate, mtu mpole mwenye mikono inayonukia hamira kutwa nzima. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe, anamtazama kuku akivuka kwa mara ya kumi na kitu.

"Utamu utatoka kwenye muziki, Baba Nasra. Ukiweka muziki mzuri, mtu atavusha kuku mpaka asahau kwenda kula."

"Na muziki unautoa wapi?"

Wote wawili walijua muziki unatolewa wapi.

*

Katika Nchi Ile muziki hautungwi hovyo. Zamani ulitungwa hovyo, watu wakawa wanaimba wanachojisikia, na hasara iliyopatikana msiniulize. Sasa nyimbo zote zinakaa kwenye Ghala la Taifa la Muziki, zimepangwa rafuni, tayari kwa matumizi, kila moja na jina lake: Furaha ya Ofisini, Huzuni ya Wastani, Mashaka Mepesi kwa Marimba, Maendeleo Yanakuja, Maendeleo Yanakuja Bila Ngoma. Anayetaka huchagua wimbo, kisha huchagua leseni. Wimbo mtu huchagua kwa dakika chache. Leseni ndiyo inayoua.

Na halipwi mtu hata senti. Wizara ya Sauti iligundua mapema kwamba fedha humwishia mwananchi, lakini masikio kila mtu anayo. Kwa hiyo mwombaji huleta mdhamini, mdhamini huwekwa chumba cha chini cha wizara, na leseni ikionekana haikufaa, sikio moja linakwenda. La kushoto kwanza, kwa utaratibu. Msije mkadhani ni ushenzi, mkasi huchemshwa.

"Nitakudhamini mimi," alisema Chande.

"Wewe una tanuri la kuangalia. Nitamwomba mjomba."

"Mjomba kabakiwa na sikio moja tu tangu ile harusi ya binti yake, umesahau? Walipiga wimbo wa ofisini ukumbini." Akacheka, akamfinya shavu. "Mimi ninayo mawili mazima. Wewe chagua vizuri tu, mke wangu. Mtu aliyeweza kumfanya kuku avuke barabara atashindwa kusoma masharti?"

Akavua aproni yake, akaikunja, wakaenda wizarani wameshikana mikono.

*

Dirisha la leseni lilikuwa na karani mwenye kovu kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni. Watu walisema alilipata kwenye kikao cha kupanga mapumziko ya chai.

"Habari za kazi, mzee," Sikudhani alisalimia.

"Kazi ni kupiga na kupigwa. Muziki wa nini?"

"Wa mchezo wa kwenye kivinjari."

"Mchezo wenyewe uko wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni ndiyo mtaa gani?"

"Hauna mtaa, mzee. Mtu akiufungua kwake unakuwa kwake. Mwingine akiufungua kwake, unakuwa kwake pia, muda huo huo."

Karani akaweka kalamu chini. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni kifungu gani kinamruhusu kupiga. Hakukikumbuka, akaona afadhali amsomee aina za leseni.

"Kuna Leseni ya Mradi Mmoja. Ukiutumia wimbo kwenye mradi wa pili unavunjwa mkono mmoja. Kuna Leseni ya Kudumu, hiyo husumbuliwi kila wimbo unapopigwa, ila unapigwa wewe mara moja, kwa nguvu, siku ya kuichukua. Kuna Leseni ya Kipekee: wimbo unakuwa wako peke yako, na wengine wote waliowahi kuusikia wanatafutwa majumbani. Halafu kuna Leseni ya Kutaja Jina. Hii ni bure kabisa. Unatumia utakavyo, kwenye mchezo, kwenye matangazo, popote, mradi umtaje mtunzi mahali panapoonekana."

Jamani, ungekuwa wewe ungechagua ipi? Sikudhani alichagua ambayo ungechagua wewe. Akachukua Mashaka Mepesi kwa Marimba, akamwacha Chande chumba cha chini, akaenda nyumbani, akaufunga wimbo kwenye mchezo wake, na chini ya ukurasa, kwa herufi safi, akaandika: Muziki umetungwa na Mbaruku Zumari. Akaufungulia umma mchezo. Kufika mchana watu walikuwa wanavusha kuku nchi nzima. Marimba yalikuwa matamu kweli, yanazunguka, yakifika mwisho yanarudi mwanzo bila mshono kuonekana. Sikudhani akaanza kuimba jikoni.

Jioni akaletewa bahasha ya kaki yenye muhuri. Ndani lilikuwamo sikio.

*

"Mbaruku Zumari alinyongwa uwanja wa taifa!" Sikudhani alikuwa anapiga dirisha la karani kwa ngumi zote mbili, barua iliyokuja na sikio imemkunjika kiganjani. "Jina lake ni marufuku kutajwa! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje bila kulitaja?" alisema karani kwa upole mkubwa.

"Lakini leseni inanilazimisha nimtaje!"

"Leseni inataka umtaje. Sheria inakataza asitajwe. Hivyo ni vyombo viwili tofauti vya dola, mama, na unaona mwenyewe vyote vinafanya kazi."

Walimruhusu kushuka chumba cha chini. Chande alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na wadhamini wengine, kitambaa kimezungushwa kichwani, damu imemkauka shingoni mpaka kwenye kola. Mkewe alipomwona, akakaa sakafuni.

"Usilie, Mama Nasra. Limebaki hili la kulia. Ndilo ninalolalia, kwa hiyo usiku hatutaona tofauti."

"Nimekuponza."

"Wamenikata wao, si wewe." Alijaribu kutabasamu, uso ukagoma. "Iliuma lakini. Sitakudanganya. Iliuma hadi nikamwita mama."

"Naufuta mchezo leo hii. Naufuta, tunaenda zetu nyumbani."

Mdhamini wa pembeni, mzee asiye na sikio hata moja, akatikisa kichwa. Kufuta mchezo ni kukiri kosa, alimweleza, na kukiri kosa ni sikio la pili. Na mdhamini akishaishiwa masikio huhesabiwa hana tena dhamana, na asiye na dhamana, wizara haioni sababu ya kumwachia kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa anasubiri zamu yake siku ya Ijumaa, siku hiyo hiyo ambayo mdhamini wa asiyeleta leseni sahihi hukatwa sikio la pili.

"Utafute leseni iliyo sahihi," alisema Chande, safari hii bila utani. "Ipo, lazima iwepo. Soma mpaka mwisho, mke wangu. Soma na yale maandishi madogo."

Sikudhani alipanda ngazi akiwa na hasira ya kutafuna chuma. Hofu ilikuwepo, haikwenda popote, ila hasira iliisukuma pembeni ikakaa yenyewe mbele.

*

Swali lake la mchezo usio na mtaa lilikuwa limepanda juu mpaka kwa wakurugenzi wawili, na wakurugenzi wakaitisha kikao. Wa kwanza alikuwa Mkurugenzi wa Muziki Unaosafiri, mama wa mabega mapana. Wa pili alikuwa Mkurugenzi wa Muziki Uliotulia, bwana mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Sikudhani akapewa kiti katikati.

"Mchezo wa kivinjari ni utangazaji," alisema mama. "Muziki unatoka kwake, unasafiri, unamfikia mchezaji. Umesafiri. Ni wangu."

"Haukusafiri," alisema bwana. "Mchezaji akifungua ukurasa, kompyuta yake inaushusha ule wimbo na kuuweka ndani. Akicheza kesho anaukuta umo humo. Umetulia. Ni wangu."

"Ulifikaje humo kama haukusafiri?"

"Ungesikikaje kama haukutulia?"

"Waheshimiwa," Sikudhani alisema, "nadhani vyote viwili ni kweli. Labda leseni moja inayoruhusu kusafiri na kutulia..."

Suluhisho lilikuwa halijawahi kutolewa ndani ya jengo lile. Mama akasimama, akachukua kiti chake, akampasua nacho bwana kichwani. Bwana akaanguka, akainuka na mashine ya kutobolea karatasi, akamtoboa nayo mwenzake shavu. Makarani wa Unaosafiri wakaruka juu ya meza, makarani wa Uliotulia wakawapokea na miguu ya meza hiyo hiyo. Kabati la mafaili likapinduliwa likamfunika mwandishi wa kikao, ambaye aliendelea kuandika kwa muda. Sikudhani akatambaa chini ya meza, akapita kati ya miguu na meno yaliyodondoka, na alipochungulia nyuma akamwona mama wa mabega mapana amempanda bwana kifuani, anamkaba koo kwa waya wa simu huku akirudia, "Sema umesafiri! Sema!"

Bwana hakusema. Alikufa ametulia, na kumbukumbu za kikao zikaeleza kwamba pande zote zilikubaliana kimsingi.

Sikudhani akajifuta damu ambayo haikuwa yake, akapanda ghorofa ya mwisho bila kuitwa.

*

Waziri wa Sauti aliitwa Brigedia Daktari Kishindo. Ubrigedia aliupata kwa kuwapiga wanafunzi, na udaktari aliupata kutoka kwa wanafunzi hao hao. Alimpokea Sikudhani kwa furaha, maana siku nyingi hakuwa amepata mtu wa kumhutubia ambaye hajafungwa kamba.

"Mama," alianza, ingawa walikuwa wawili tu chumbani, "taifa lolote lisilodhibiti sauti yake ni sawa na mtu anayeongea usingizini. Leo atataja mkewe, kesho atataja mpango wake. Sisi tuliamka! Tukasema, hapana! Kila sauti iwe na mwenyewe, na mwenyewe awe na masikio, na masikio yawe mkononi mwetu! Wapo wanaotubeza. Wako wapi leo? Nakuuliza, wako wapi?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Hata mimi sikumbuki, tuliwazika haraka." Akajipangusa jasho, akakaa. "Shida yako nimeisikia. Makarani wangu ni wapumbavu. Wanakuuzia leseni za wanyonge. Ninayo moja tu iliyo sahihi, na hakuna chombo cha dola kinachoweza kuipinga."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi yenye pindo la dhahabu. Leseni Tukufu. Ilikuwa ya wimbo mmoja tu, gwaride la Mtukufu Mkuu wa nchi, liitwalo Hachoki. Linaruhusiwa kusafiri, linaruhusiwa kutulia, linaruhusiwa kila mtaa na pasipo mtaa. Mtunzi ni Mtukufu mwenyewe, kwa hiyo kumtaja ni ibada.

Sikudhani alisoma. Alisoma mpaka mwisho, na maandishi madogo akayasoma. Ilikuwepo Kanuni ya Heshima: Hachoki ikipigwa, kila anayeisikia asimame wima bila kutikisika mpaka iishe. Atakayetikisika, aliye kulia kwake ampige rungu la kichwa papo hapo, aache pale atakapokuwa hatikisiki tena. Kanuni hiyo ilipitia mikono ya makarani wengi, na kila mmoja aliongeza neno la ukali ili aonekane mwaminifu. Hakuna aliyeongeza neno la msamaha kwa anayepiga, maana katika Nchi Ile anayefikiria msamaha huulizwa anautakia nini.

"Mheshimiwa," alisema taratibu, "muziki wa mchezo wa kivinjari unazunguka. Ukifika mwisho unarudi mwanzo wenyewe."

"Unarudi?"

"Unarudi. Hauishi mpaka mtu aufunge ukurasa."

Waziri akasimama. Macho yakamjaa machozi. "Hauishi," alinong'ona. "Kama yeye! Na nani atathubutu kuufunga? Mama, wewe ni hazina. Tutauzindua uwanjani hapa, mbele ya wizara nzima. Mumeo ataachiwa mbele ya umati, gwaride likiisha tu."

"Lakini nimesema haliishi, mheshimiwa."

"Ndiyo, ndiyo, nimekusikia, haliishi! Safi sana!" Akampa kalamu.

Sikudhani alielewa alichokuwa anakitia saini. Tusimfanye mjinga. Alielewa vizuri zaidi ya mtu yeyote ndani ya jengo lile. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na leseni nyingine zote alishazisoma, na kila moja ilikuwa na sikio la Chande ndani yake. Akapiga moyo konde, akasaini.

*

Uwanja wa wizara ulipambwa. Wakurugenzi waliobaki, makarani, walinzi na maofisa wa ghala walisimama duara moja kubwa, na kila mmoja alikabidhiwa ratiba ya sherehe na rungu jipya. Katikati ya duara iliwekwa kompyuta na vipaza sauti vyake. Waziri alisimama kwenye duara na nishani zake zote. Kulia kwake alisimamishwa Sikudhani, kulia kwa Sikudhani mumewe. Yule aliyekuwa anagawa marungu hakuambiwa mdhamini asipewe, kwa hiyo Chande naye akapewa lake. Na kulia kwa Chande alisimama sajini wa mkasi, jitu la miraba minne, mkasi ameuweka wazi juu ya sikio moja lililobaki. Ndivyo sherehe ilivyopangwa: gwaride likiisha, mkasi unashushwa, mdhamini yuko huru, watu wanapiga makofi.

"Umesoma na maandishi madogo?" Chande alimnong'oneza mkewe.

"Nimesoma."

"Yanasemaje?"

"Usitikisike, Baba Nasra. Liwalo na liwe, usitikisike."

Waziri akanyoosha fimbo yake ndefu, akabonyeza kitufe, akarudisha mkono ubavuni. Kuku akatokea kwenye barabara tupu. Hachoki ikaanza, tarumbeta kwa ngoma.

Uwanja mzima ukaganda. Gwaride likapiga, likapanda, likafika mwisho kwa kishindo, na pale ambapo watu walikuwa wanajiandaa kupumua, likaanza tena.

Likaanza tena. Na tena. Jua likapanda likakaa juu ya vichwa. Jasho likawatiririka maofisa likaingia machoni, hakuna aliyepangusa. Nzi akamtambaa mkurugenzi mmoja kwenye midomo, akaingia, akatoka. Wengine wakajikojolea, maana kukojoa hakukutajwa popote kwenye kanuni. Waziri alikuwa amekodoa macho kwenye kile kitufe, na kwenye macho yale Sikudhani aliona akili ikifika, taratibu, kutoka mbali sana. Kukifikia kitufe ilikuwa lazima anyooshe mkono.

Sikudhani hakumjali. Yeye alikuwa anautazama mkasi.

Mkono wa sajini ulikuwa umeanza kuchoka. Mkono ulioinuliwa ni mkono tu, hata uwe wa jitu. Ncha ya mkasi ilikuwa inashuka kidogo, inapanda, inashuka. Ikagusa ngozi. Tone la damu likamtoka Chande nyuma ya sikio, likashuka shingoni. Chande hakutikisika. Machozi yalimtoka lakini hakutikisika. Kila mshipa kwenye mwili wa Sikudhani ulimwambia aruke, na akili ikamwambia ukiruka mumeo ndiye aliye kulia kwako. Akabaki amesimama, amejing'ata ulimi mpaka akauonja.

Ndipo mkono wa sajini ukatetemeka, wazi, mbele ya watu.

Mlinzi aliye kulia kwake alikuwa kijana mtiifu. Alimpiga sajini rungu moja tu, fuvu likalia, mkasi ukaanguka mchangani, na jitu likaufuata. Chande akabaki na sikio lake. Lakini mlinzi alikuwa ametikisika. Aliye kulia kwake akampiga. Huyo naye kwa kupiga alikuwa ametikisika, akapigwa na wa kulia kwake. Rungu likazunguka duara kama sahani ya ubwabwa inavyopitishwa karamuni, kila mtu anampa mwenzake. Hakuna aliyekimbia, kukimbia ni kutikisika zaidi. Karani wa kovu alimponda mkuu wa ghala, akageuza shingo kumtazama aliye kulia kwake, akasema, "Samahani," na hilo ndilo neno lake la mwisho. Mkurugenzi wa mabega mapana alihitaji marungu manne. Tarumbeta zilikuwa zinapanda, damu inaruka kwenye bendera, na aliyepigwa akianguka aliyempiga alisimama wima tena, kifua mbele, anasubiri lake kwa heshima zote.

Likamfikia Waziri. Mpambe wake alikuwa kushoto, ametoka kummaliza mwenzake, amesimama anatetemeka. Waziri alisita. Kisha waliokuwa bado wanapumua chini wakamwona anapiga, mara tatu, akiwa amefumba macho.

Alipoyafumbua, kulia kwake alikuwa Sikudhani, ameinua rungu.

"Mama, subiri," alisema Brigedia Daktari Kishindo. "Kanuni hii niliiandika mimi."

"Najua, mheshimiwa. Niliisaini."

Akampiga. Alimpiga la sikio la kushoto lililoletwa kwenye bahasha, akampiga la mzee wa chumba cha chini, akampiga la baiskeli, na mengine akampiga tu kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata kasi. Nishani zikadondoka moja moja. Kanuni ilisema apigwe mpaka asitikisike, na Sikudhani alihakikisha.

Kisha akasimama. Pumzi zinamtoka, gauni limelowa, na Hachoki inaanza upya. Ametikisika, na hakuna mtu duniani aliyetikisika kuliko yeye. Kulia kwake alikuwa mumewe, na mumewe alikuwa na rungu mkononi.

Sikudhani hakumwangalia. Maisha yake yote alikuwa raia mwema, na shingo ya raia mwema huinama yenyewe. Akainamisha kichwa, akafumba macho. Aliusikia mkono wa Chande ukisogea. Akasikia rungu likikwaruza kwenye kiganja chake.

Akasubiri. Tarumbeta zikapanda, zikashuka, zikaanza tena.

Akafumbua jicho moja. Rungu lilikuwa limelala mchangani. Chande alikuwa ameinua mkono wake wa hamira, mbele ya Wizara ya Sauti, mchana kweupe, gwaride la Mtukufu Mkuu linapiga, na alikuwa anajikuna sikio.

"Limeniwasha tangu asubuhi," alisema.

Sikudhani akageuka haraka kumtazama aliye kulia kwa mumewe. Hakukuwa na mtu aliyesimama. Akageuka duara zima. Hakukuwa na mtu. Chande akajikuna tena, kwa raha zake, akifumba macho.